Kuvuka maji ya kaskazini kwa boti ya tanga: maelekezo kwa mtu wa Dodoma

Kuna vijana wa huku kwetu kati, Dodoma, Manyoni, Singida, wanapata nafasi ya kwenda kusaidia kazi kwenye boti za tanga huko Ulaya, wengine kupitia chuo, wengine kupitia mgeni waliyejuana naye Zanzibar, na wakishapata wanaanza kuulizia, kaka nijiandae vipi. Najibu hapa kwa urefu mara moja, maana kwenye hili jambo jibu fupi linaweza kumuua mtu. Nitatumia njia moja ninayoijua: unatoka Wick, kaskazini mwa Scotland, unapita mlango wa maji unaoitwa Pentland Firth, unaingia visiwa vya Orkney, unapanda Shetland mpaka mji wa Lerwick, halafu unavuka kwenda Bergen, Norway. Ukielewa hii, njia nyingine za kaskazini utazisoma mwenyewe.

Kitu kimoja kikae kichwani kabla hatujaenda popote. Maji ya kule ni makali ila yana ratiba. Mkondo una saa zake, bamvu, yaani maji kujaa na kupwa kwa nguvu kuliko siku nyingine, ina siku zake, dhoruba inatangazwa kabla haijafika. Kazi yako kubwa ni kuisoma hiyo ratiba na kukubali kusubiri, hata kama unasubiri siku tatu gatini unakula mkate na kuangalia mvua. Nguvu za mikono hazikusaidii ukiingia saa ambayo siyo yake.

Makaratasi nayapitia haraka. Kutoka Uingereza kwenda Norway kwa boti ni kuhama nchi sawasawa na kupanda ndege, kwa hiyo sisi wenye pasipoti ya Tanzania tunahitaji viza mbili, ya Uingereza na ya Schengen, na zote ziwe mkononi kabla hujatoka nyumbani, usikubali kuambiwa ya pili mtaitafuta hukohuko bandarini. Kama boti inarudi Uingereza hakikisha viza inakuruhusu kuingia tena. Mafunzo ya msingi ya usalama wa mabaharia, yale ya STCW, yanatolewa pale DMI, Chuo cha Bahari Dar es Salaam, unafundishwa kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza, na hata kama boti ni ya mtu binafsi nahodha akiona cheti hicho anakuchukulia kwa uzito mwingine. Kuogelea jifunze, mabwawa ya hoteli Dodoma yapo. Ila usidhani kujua kuogelea ndo kinga, nitaeleza nikifika kwenye baridi.

Msimu. Nenda mwezi wa sita au wa saba. Lerwick iko nyuzi 60 kaskazini, mwezi wa sita jua linakaa juu karibu masaa 19 na hata likizama giza halikamiliki, usiku wa manane unaona kamba zako bila tochi. Desemba mchana wote haufiki masaa 6. Sisi tuliozoea jua kutoka na kuzama karibu muda uleule mwaka mzima hatulipi uzito hili la mwanga, lakini kwenye boti ndogo mwanga ndo unakuonyesha wimbi linalokuja na mtu aliyeteleza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wanorwei walikuwa wanavuka maji hayahaya, Shetland kwenda Norway na kurudi, kwa boti za uvuvi, na walichagua majira ya baridi makusudi ili giza liwafiche wasionwe na ndege za Wajerumani, njia ile iliitwa Shetland Bus. Boti kadhaa zilizama na watu wake, mpaka mwaka 1943 walipopewa meli ndogo tatu za kasi kutoka Marekani. Wale walilazimika kwenda wakati mbaya, nchi yao ilikuwa imetekwa. Wewe hakuna kinachokulazimisha, kwa hiyo mtu akikwambia mwezi wa kumi na moja twende tu boti ni imara, mwambie hapana asante.

Sasa Pentland Firth, na hapa naomba usome taratibu.

Ni mlango wa maji kati ya bara la Scotland na Orkney, upande mmoja Atlantiki, upande mwingine Bahari ya Kaskazini. Maji hayajai kwa wakati mmoja pande zote mbili, saa zinapishana, kwa hiyo kuna muda bahari ya upande mmoja inakuwa juu kuliko ya upande wa pili na maji yote yanataka kupita hapo kati kwa pamoja, kama watu wanaotoka uwanja wa Jamhuri kwa geti moja. Baada ya masaa sita hivi yanageuka yanarudi. Mkondo unafika noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa, na maili moja ya bahari ni kama km 1.85. Boti ya tanga ya futi 35 au 40 ikienda vizuri inaenda noti 5 au 6. Piga hesabu mwenyewe: ukikutana na mkondo uso kwa uso unarudi kinyumenyume huku tanga limejaa upepo, injini inanguruma na povu linapita ubavuni kana kwamba mnakimbia. Nchi kavu ndo inakuambia ukweli, unaona mnara wa taa uleule unasogea mbele badala ya kubaki nyuma.

Ukienda na mkondo wenyewe siyo adui. Ubaya unaanza upepo au mawimbi ya mbali yakitoka kule mkondo unakoelekea. Hapo mawimbi yanafupika, yanasimama wima, yanakaribiana, yanavunjikia palepale bila kusonga mbele, na boti inakosa nafasi ya kupanda moja kabla ya kuangukiwa na jingine. Upande wa magharibi kuna eneo linaitwa Merry Men of Mey, linaanzia St John's Point kule bara na kukatiza mlango kuelekea kisiwa cha Hoy. Linaamka pale mkondo unapoelekea magharibi huku mawimbi ya Atlantiki yanakuja dhidi yake, na linaweza kuamka hata siku ambayo hakuna upepo kabisa kwa sababu mawimbi yale yalizalishwa na dhoruba ya juzi maili mia kadhaa huko nje. Upande wa mashariki, karibu na rasi ya Duncansby, kuna jingine, hilo linakuwa baya zaidi upepo ukitoka mashariki au kusini mashariki na mkondo unaelekea hukohuko. Katikati ya mlango kuna visiwa vya Stroma na Swona, na kandokando yake maji yanazunguka kwa nguvu ya kugeuza omo, yaani pua ya mbele ya boti, bila ruhusa yako.

Machi 17, 1969 boti ya uokoaji ya Longhope ilitoka usiku kwenda kusaidia meli iitwayo Irene iliyokuwa kwenye shida maeneo hayohayo. Ilipinduka na watu wote 8 waliokuwemo wakafa. Walikuwa watu wa hapohapo visiwani, ndani ya boti iliyojengwa kwa kazi hiyohiyo. Nalitaja kwa heshima yao na ili wewe unayetoka bara uelewe kwamba masharti ninayoandika hapa chini yanachukuliwa yote kwa pamoja, huchagui mawili ukaacha la tatu.

Sharti la kwanza, pita siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo na mkondo kupungua nguvu, siyo bamvu. Bamvu inakuja kama siku mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji mafu kama siku mbili baada ya mwezi nusu. Hili unaweza kuanza kulijifunza ukiwa Ipagala au Chang'ombe, huhitaji bahari: chukua jedwali la maji ya Dar na la Wick kwenye simu, kila usiku toka nje uangalie mwezi, andika kwenye daftari mwezi ukoje na tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hiyo ni mita ngapi. Fanya mwezi mzima. Anga la Dodoma kiangazi liko wazi hakuna kisingizio. Baada ya hapo ukiangalia juu tu unajua bahari iko kwenye hali gani, na hicho kitu hakitoki tena kichwani.

La pili ni saa. Kuna atlasi ya mikondo ya Orkney na Shetland ya Admiralty, wachapishaji wa ramani za bahari wa Uingereza, namba yake NP209, ina ramani moja kwa kila saa, na mishale inayoonyesha mkondo unaenda wapi na una nguvu gani. Zile ramani hazikuambii saa ya ukutani, zinakuambia ni masaa mangapi kabla au baada ya maji kujaa kwenye bandari ya rejea, kwa hiyo unatafuta kwanza bandari hiyo inajaa saa ngapi siku yako, halafu unaandika kwa penseli saa halisi juu ya kila ramani, ukurasa kwa ukurasa, usifanye kichwani. Na hapa watu wa kwetu tunaweza kujikwaa vibaya sana. Majedwali mengi yako kwenye UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu masaa matatu. Kiangazi saa ya ukutani Uingereza ni UTC jumlisha moja. Norway jumlisha mbili. Juu yake sisi tuna saa zetu za kuanzia asubuhi. Ukichanganya umekosa mkondo mzima. Weka saa ya mkononi kwenye UTC tangu siku ya kwanza, tumia namba za masaa 24, na hata ukiwa na Mtanzania mwenzako mnapiga stori kwa Kiswahili, saa mtaje ya boti.

Ukishapata saa ambayo mkondo unatulia kabla ya kugeuka upande wako, hesabu kurudi nyuma. Wick mpaka Duncansby ni maili kama 12, kwa noti 5 ni masaa mawili na nusu hivi, weka akiba juu yake maana upepo unaweza kukuchelewesha. Kuwahi siyo tatizo, kuna ghuba ya Sinclair's Bay njiani unaweza kuzungukazunguka hapo upepo ukiwa wa magharibi. Ukiona umechelewa geuza urudi Wick. Usijifariji kwamba utaupata mwisho wa mkondo, mwisho ukipita unakuja mwanzo wa ule mwingine na huo hauna mpango wako.

La tatu ni hali ya hewa na mawimbi ya mbali, vyote viwili. Upepo uwe mdogo, nguvu 4 kushuka chini kwenye kipimo cha Beaufort, na uone vizuri, ukungu ukiwepo hamtoki. Utabiri wa bahari wa Uingereza unaandaliwa na Met Office, mamlaka yao ya hali ya hewa, na kusomwa BBC, umegawanya bahari kwa maeneo, ya kwako ni Cromarty, Fair Isle, Viking na North Utsire, yaandike majina hayo mahali unapoyaona. Kuna maneno wanayatumia kwa vipimo kamili kwenye onyo la dhoruba: imminent ni ndani ya masaa 6, soon ni kati ya 6 na 12, later ni zaidi ya 12. Dhoruba yenyewe, gale, inaanzia nguvu 8, noti 34. Halafu kuwe na baromita, kile kipimo cha mgandamizo wa hewa, ndani ya boti na iandikwe kila saa. Ikishuka zaidi ya hektopaskali 3.5 ndani ya masaa matatu huko ni kushuka haraka, ikizidi 6 kuna kitu kikubwa kinakuja, amini baromita hata kama anga ni jeupe.

Mawimbi ya mbali unayaona kwa macho. Kuna asubuhi tumefungwa Wick, jua linawaka, maji nje ya mdomo wa bandari yametulia, sisi tumeshavaa na kamba ziko mkononi. Nahodha wetu, mama mmoja wa makamo asiye na maneno mengi, akapanda juu ya ukuta wa bandari na darubini akaa anaangalia upeo wa bahari muda mrefu. Akanipa na mimi. Mstari wa upeo ambao ulitakiwa kunyooka haukunyooka, ulikuwa unapanda na kushuka vipandevipande, taratibu, mbali kabisa. Akashuka akasema vueni, mtu aweke chai. Jioni boti ya wavuvi ikaingia kutoka upande ule, sitaha yake imefagiliwa, kreti zote za samaki zimekwenda, na yule mzee aliyekuwa anaifunga kamba hakutusalimia mpaka alipomaliza kukaa chini. Tangu hapo kila nikifika bandari mpya natafuta kwanza mahali pa juu pa kuangalia upeo.

Haya, baridi. Watu wengi wa kwetu wanajiandaa kwa mawimbi wanasahau hii.

Bahari ya Dar ukiitumbukia unafurahi. Maji ya Shetland mwezi wa sita ni nyuzi kama 10 au 11. Mtu akianguka humo kuna hesabu wanafundisha ya 1-10-1: dakika 1 ya kwanza unahema ovyo bila kujizuia na ukivuta maji hapo umekwisha, dakika 10 zinazofuata mikono na miguu bado inakusikia, baada ya hapo vidole havishiki tena, na kama saa 1 mpaka kupoteza fahamu. Umeona kuogelea kunakuja kuisha wapi. Kwa hiyo akili yote ni kutokuanguka, na ukianguka uwe umevaa kitu kinachokuelesha chenyewe. Laifu jaketi la nyutoni 150 angalau, lile linalojijaza hewa, lenye mikanda ya kupita katikati ya miguu, maana bila hiyo mikanda jaketi linapanda juu usoni wewe unabaki chini. Kwenye sitaha inalazwa kamba ya utepe kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, mpaka omo kila upande, na wewe una kamba yako fupi yenye klipu. Unajifunga ukiwa bado ndani kwenye ngazi, kabla kichwa hakijatoka nje, unajifungua ukiwa umesharudi ndani. Ukiwa unatapika umejifunga. Ukiwa unakojoa umejifunga. Bahari ikiwa imetulia kabisa na wewe uko peke yako zamu ya usiku, hapo ndo jifunge kabisa.

Zoezi la nyumbani: nunua barafu za mfuko, weka kwenye ndoo ya maji, zamisha mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko dakika tatu, nne, halafu itoe ufunge fundo la bolini, lile la kitanzi kisichokaza, na ufungue klipu ya chuma. Utashangaa. Vidole vinakuwa vipo lakini havikusikii, unaviangalia vinapapasa kamba. Rudia siku nyingine huku umefumba macho. Fanya mpaka fundo liwe linatoka lenyewe bila kufikiri, kwa sababu siku ya siku hutakuwa na vidole vya kufikiria navyo. Mwenye matatizo ya moyo au presha asifanye hili zoezi.

Nguo usinunue za bei mbaya kwanza. Nenda Sabasaba au Majengo siku wanafungua mabelo, watu wa Dodoma hawagombanii sana sweta nzito za sufu, zinalala pale kwa bei ndogo. Angalia lebo, unataka sufu au zile nguo za ndani za plastiki wanazovaa watu wa barafuni, pamba iache, pamba ikilowa inakaa na maji mwilini inakunyonya joto lote. Vaa tabaka tatu, ya kubana mwilini, ya sufu, halafu la nje lisilopitisha maji wala upepo, hilo la nje mara nyingi boti inakuwa nalo uliza kabla. Buti za mpira chukua namba moja juu ya yako ili soksi mbili ziingie bila kubana. Kofia ya sufu ya kufunika masikio. Glavu jozi tatu, zitalowa, jozi moja iwe kavu daima ndani ya mfuko wa nailoni. Ubaridi wa Dodoma mwezi wa saba asubuhi, ule wa upepo na vumbi, tembea nao bila jaketi ukauzoee kidogo, siyo sawa na kule lakini unajifunza mwili wako unaanza kuchoka wapi.

Kichefuchefu kitakuja, kwa mtu ambaye maji makubwa aliyowahi kupanda ni bwawa la Mtera kitakuja tu. Dawa ya kuzuia inamezwa jana yake usiku, ukisubiri uanze kutapika haikai tumboni. Kaa nje, angalia mbali, shika usukani ukiruhusiwa, usishuke chini kuchezea simu. Kunywa maji kidogokidogo. Tangawizi inasaidia baadhi. Kula hata kama hutaki: mimi nabeba zabibu kavu za Dodoma na karanga kwenye mfuko wa jaketi, zinaliwa kwa mkono mmoja gizani, hazihitaji jiko na sukari yake inafika haraka. Uji kwenye chupa ya chai uandaliwe kabla ya bahari kuchafuka, maana kuchemsha maji boti ikiwa imelala upande ndo watu wanaungua.

Kutoka Orkney kwenda Shetland gawa safari, Fair Isle iko katikati na ina kigati kidogo North Haven, pale unapumzika ukisubiri maji. Kusini mwa Shetland kuna Sumburgh Roost, tabia yake ni ileile ya Pentland, mkondo dhidi ya mawimbi, unaitendea vilevile, ama unaipita saa ya utulivu ama unazunguka mbali nayo. Lerwick ni mahali pazuri pa kukaa, jazeni maji na dizeli, kausheni kila kitu, laleni.

Lerwick mpaka Bergen ni maili kama 190, kwa noti 5 ni siku moja na nusu na zaidi kidogo. Hapa mkondo siyo tatizo kubwa tena, tatizo ni kwamba katikati hakuna pa kukimbilia. Subirini siku mbili za utabiri mzuri, siyo moja. Punguzeni tanga jioni kukiwa na mwanga, watu hawajachoka, hata kama mnapoteza noti moja usiku. Zamu za masaa matatu zinatosha kwa baridi ile, na anayepokea zamu aje dakika kumi kabla, akae macho yazoee, aambiwe mwelekeo, upepo, baromita na meli zipi zinaonekana, ndo mwenzake ashuke. Majukwaa ya mafuta na gesi yako huko, yana taa nyingi usiku unaweza kudhani ni mji, hairuhusiwi kuyakaribia chini ya mita 500, na meli za kuyahudumia zinapita wakati wote. AIS, chombo kinachoonyesha meli zilizo karibu, iwashwe ila macho ndo kazi.

Dhoruba ikiwakuta katikati, cha kwanza msikimbilie pwani. Pwani ya Norway upepo ukiwa wa magharibi ndo inakusubiri na miamba yake, boti haivunjwi na maji ya kina, inavunjwa na ukingo. Boti nyingi zinaweza kutulizwa: tanga kubwa limepunguzwa kabisa, la mbele linavutwa upande wa upepo, usukani unafungwa kuisukuma omo upepo unakotoka, boti inaacha kukimbia, inakaa inasogea taratibu pembeni na nyie mnapumzika. Kila boti ina namna yake, kwa hiyo mwombe nahodha mlifanye siku ya upepo wa kawaida mkiwa karibu na bandari. Na msiihame boti kwa sababu ya hofu. Mwaka 1979 kwenye mashindano ya Fastnet, kusini mwa Ireland, dhoruba iliua wanamashua 15. Boti 24 zilihamwa na watu wake na ni 5 tu kati yake zilizozama, zilizobaki zilikutwa zinaelea, wakati baadhi ya waliokufa walikuwa wameingia kwenye raftu za mpira. Raftu ni ya pale boti inapokwenda chini kweli.

Ukihitaji msaada, redio ya VHF chaneli 16, sema Mayday mara tatu, jina la boti mara tatu, halafu mlipo kwa namba, shida ni nini, watu wangapi. Kariri mpangilio huu kwa Kiingereza mpaka utoke usingizini ukiweza kuusema, na kila mtu kwenye boti aujue, siyo nahodha peke yake, maana anayeanguka baharini anaweza kuwa nahodha. VHF haifiki mbali, katikati ya bahari kinachokusaidia ni EPIRB, kifaa cha dharura kinachopeleka ishara setilaiti na kuonyesha mlipo. Jua iko wapi, iguse kwa mkono siku ya kwanza, soma jinsi inavyowashwa.

Kabla ya kutoka Lerwick muwe na mtu mmoja nchi kavu mwenye njia yenu kwenye karatasi, idadi ya watu, rangi ya boti na saa ya mwisho ambayo asipowasikia anapiga simu kwa walinzi wa pwani. Kama mtu huyo ni ndugu yako Dodoma siyo vibaya, ila mpe namba ya kimataifa ya walinzi wa pwani wa Uingereza iandikwe ukutani, na umweleze wazi kwamba kuchelewa masaa machache ni kawaida, ili asiwashtue watu bure na wala asiogope kupiga saa ikifika.

Mkiona Norway mtaanza kuona visiwa vidogovidogo vingi, ndo sehemu ya kuwa makini zaidi kwa sababu wote mmechoka na kila mtu ameshaanza kufikiria kuoga. Msiingie usiku wa kwanza kama hamuoni alama, subirini nje mwanga upande, mwezi wa sita ni masaa machache tu. Pandisheni bendera ya njano, nendeni mkaripoti forodha na uhamiaji na pasipoti zikiwa zimewekwa pamoja kwenye mfuko mkavu, hakuna wa kushuka kutembea mjini kabla ya hapo, hasa wewe mwenye viza. Suuza jaketi, klipu na zipu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Halafu mpigie yule mtu wako wa nchi kavu umwambie mmefika, Dodoma iko mbele ya Bergen saa moja tu kiangazi, kwa hiyo hata mkifunga kamba alfajiri mpigie hapohapo, usiseme nitalala kwanza.